Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Madereva Wanachama wa Malori na Gari za Safari, Malindi

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Shughuli za kawaida mnazijua: tumezika, tumechangia harusi mbili, tumewaona wakubwa wa trafiki kuhusu maegesho ya malori. Sizirudii.

Nataka niseme juu ya matairi, maana nimesemwa barazani hadi nje ya msikiti. Mwezi wa Aprili nilitoa shilingi 148,000 za mfuko, tukanunua matairi 8 mapya ya Kanta, yale malori madogo, saizi 7.50R16. Mnasema pesa hizo zingepata 16 ya mtumba. Ni kweli, zingepata. Lakini mimi ndiye niliyeitwa njia ya Langobaya mwezi wa Februari, lori la mwenzetu limelala ubavu, mawe ya kujengea yamejaa mtaroni, tanboi, msaidizi wa dereva, ameukumbatia mkono wake. Tairi la mbele lilikuwa limepasuka. Meno yake marefu, ungedhani jipya. Nikalikuna ubavuni kwa ukucha, mpira ukatoka unga, na nyufa zimeachana kama kisigino cha mvuvi. Nikasoma tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani iliyochapwa ubavuni: 3411. Yaani wiki ya 34 ya mwaka 2011. Meno hayasemi umri, ndugu zangu. Jua na joto hulizeesha tairi hata likiwa limekaa tu dukani.

Kuna waliosema niliwapendelea wenye Kanta nikawasahau wa gari za safari. Wanaopeleka wageni Tsavo kwa lango la Sala shida yao kubwa ni upepo wa ndani ya tairi, si tairi lenyewe. Mchangani wanapunguza hadi pauni 18 au 20, wanafanya sawa, kisha wanarudi lami mbio bila kujaza. Ubavu unajikunja, unachemka, unapasuka. Na wa njia ya Garsen wanajua udongo mweusi ukilowa hujaza meno madogo yote, tairi likawa laini kama jiwe la kusagia. Wa malori, kagueni katikati ya matairi pacha ya nyuma: jiwe moja likikwama hapo hula yote mawili.

Kwamba sikungoja mkutano mkuu, nakiri. Niliitisha mara mbili. Tuko 64, mara ya kwanza walikuja 19, ya pili 14. Akidi ni 33. Masika yalikuwa mlangoni, ningemngoja nani? Waliokaa nyumbani ndio wanaouliza sana leo. Risiti zote ziko kwa mweka hazina, na shauri lile nililibeba mwenyewe.

Michango ni aibu. Shilingi 200 kwa mwezi ilitakiwa ituletee 153,600, tumepata 91,400. Waliochukua matairi kwa mkopo wamerudisha 83,000, na nawashukuru. Wanane hawajatoa hata senti tangu Januari, ilhali wanne kati yao ndio wa kwanza kudai mapya.

Mwaka ujao, inshallah, tunatarajia kupata kompresa yetu na kipimo cha upepo cha kuaminika, na pengine mafunzo kidogo kwa matanboi, mfuko ukiruhusu. Wenye madeni wamwone mweka hazina kabla ya Ijumaa.

Wenu,
Mwenyekiti