Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa IATA: Tuambieni mbwa wetu wako wapi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kama abiria aliyevuka bahari akiwa amekaa juu, na mbwa wake amelala ndani ya kizimba katika tumbo la ndege hiyohiyo. Wenzangu wa aina hii ni wengi. Wanahamia nchi nyingine kwa kazi, kwa masomo au kwa ndoa, na hawako tayari kumtupa nyuma mnyama waliyemlea tangu utotoni mwake. Siombi mbwa apewe kiti, wala siombi masharti yalegezwe. Ombi langu ni habari. Mwenye mbwa aambiwe kwamba mnyama wake amepakiwa kabla mlango wa ndege haujafungwa. Na umma uambiwe kila mara mbwa anapokufa, anapoumia au anapopotea akiwa mikononi mwa shirika la ndege.

Ombi hili nimelileta kwako kwa sababu ninyi ndio watunzi wa kanuni. Chama chenu cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kilichoanzishwa mwaka 1945 na sasa chenye mashirika wanachama yapatayo 350, hutoa kila mwaka Kanuni za Wanyama Hai, na mashirika mengi ulimwenguni huziegemea. Ni kanuni za watu wanaomjua mbwa, na nayasema hayo kwa moyo mweupe. Mbwa hupimwa kutoka puani hadi shina la mkia, kutoka sakafuni hadi kiwiko, upana wa mabega, na kimo chake akiwa amesimama. Urefu wa kizimba ni kipimo cha kwanza ukijumlisha nusu ya kile cha pili. Upana ni mabega mara mbili. Lengo ni asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale kwa kujinyoosha. Hewa iingie pande zote nne. Chombo cha maji kiweze kujazwa kutoka nje bila kufungua mlango. Magurudumu yaondolewe au yafungwe yasizunguke. Asipewe dawa ya kumlewesha, kwa sababu dawa hizo huweza kushusha shinikizo la damu na kumfanya ashindwe kujisawazisha na kujipoza, tena mahali ambapo hakuna daktari wa kumwangalia.

Mimi mwenyewe nilipima, nikapima tena. Mwenye mbwa yeyote anayejiandaa kusafiri anaijua ile hali ya kupiga magoti sakafuni na futi ya kupimia, mbwa akidhani ni mchezo.

Upande wa serikali nao haukosi ukali. Chipu yenye tarakimu 15 huwekwa chini ya ngozi, ndipo ifuate chanjo ya kichaa cha mbwa. Mpangilio ukigeuzwa, nchi nyingi huihesabu chanjo hiyo kana kwamba haikufanyika. Anayekwenda Umoja wa Ulaya kutoka nchi isiyomo katika orodha yao husubiri siku zisizopungua 30 baada ya chanjo ndipo damu ichukuliwe, kipimo kionyeshe kinga isiyopungua 0.5 IU (kizio cha kimataifa) kwa mililita, kisha husubiri tena miezi mitatu. Japani, kwa wanaotoka nchi nyingi, hutaka siku 180 zipite tangu damu ilipochukuliwa. Finland, Ireland, Malta na Norway zinadai dawa ya tegu itolewe na daktari kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia. Australia, kwa wanaotoka karibu nchi zote, humpeleka mbwa karantini huko Mickleham, karibu na Melbourne, hata kama makaratasi yake hayana doa. Marekani, tangu Agosti 1, 2024, haimpokei mbwa ambaye hajatimiza miezi sita. Kichaa cha mbwa huua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, na dalili zikishaonekana ni nadra mno mtu kupona. Kila nchi ina haki ya kujikinga, na mimi niko tayari kusubiri miezi yote inayotakiwa.

Lakini tazama, Mheshimiwa, mzigo wa kuthibitisha umemwelemea nani. Mwenye mbwa anathibitisha chipu, chanjo, damu, dawa, cheti cha afya, vipimo vya kizimba, hata skrubu zake. Kisha anakabidhi kizimba mezani, kinabandikwa karatasi ya kijani ya mnyama hai, kinasukumwa nyuma ya pazia. Kuanzia hapo hakuna anayemthibitishia yeye chochote.

Katika safari yangu nilimuuliza mhudumu wa ndege kama mbwa wangu amepakiwa. Alikuwa mtu mwema, na nilimwona akitamani kunipa jibu, lakini aliniambia hana namna ya kujua. Mbwa wangu alifika salama. Hata hivyo, niliruka usiku mzima bila kujua kama tuko naye au tumemwacha.

Na jibu lilikuwamo ndani ya ndege ileile. Rubani hukabidhiwa taarifa ya maandishi kwamba kuna mnyama hai, na ya kuwa yuko sehemu gani ya mizigo, ili hali ya joto ya sehemu hiyo iangaliwe. Pale chini shinikizo la hewa hudumishwa kama ilivyo kwa abiria, lakini si kila sehemu hupashwa joto kwa namna moja, na ndiyo maana rubani lazima ajue. Basi taarifa ipo, imeandikwa, na imesomwa na mtu aliyeko hatua chache kutoka viti vya mbele. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuifikisha kwa mtu anayeihitaji kuliko abiria wote. Yapo mashirika yanayomletea mwenye mnyama kadi kitini kumjulisha kwamba amepakiwa. Kwa nini jambo hilo liwe hisani ya shirika moja moja? Na pale ambapo mbwa husafirishwa kama shehena, kama Uingereza inavyotaka kwa mbwa wanaoingia kwa ndege wasio wa kuwasaidia walemavu, mwenyewe huenda hata asiwe kwenye ndege hiyo. Huyo atumiwe ujumbe wa simu.

Kuna atakayeniona nakuza jambo. Namkumbusha Machi 2018, pale familia moja iliyokuwa ikihamia Kansas ilipokwenda kumchukua mbwa wao na kukabidhiwa mbwa mwingine kabisa, Great Dane aliyekuwa akienda Japani. Wa kwao alikuwa ameshapelekwa Japani. Mtu mmoja angesoma namba ya kizimba na kuilinganisha na jina la abiria kabla mlango haujafungwa, kosa lile lingegunduliwa palepale uwanjani.

Sasa nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo ninapoumia zaidi.

Mbwa huwa hatokwi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, hewa ikipita haraka juu ya utando wenye majimaji wa pua na mdomo. Hatari yake kubwa mara nyingi iko ardhini, pale kizimba kinapongoja juani kando ya ndege, au ndege inapokawia kuondoka na mizigo imeshapakiwa. Kwa mbwa wa pua fupi, kama buldogi na pagi, njia ya hewa ni nyembamba tangu kuzaliwa. Akipata hofu huhema zaidi, akihema zaidi koo huvimba, na joto huzidi kupanda. Madaktari wa mifugo walilijua hilo siku nyingi. Abiria wengi hawakulijua, na hakuna aliyekuwa na takwimu za kuwaonyesha.

Takwimu zilikuja kwa sababu nchi moja iliamua kuhesabu. Tangu Mei 2005 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani huyataka mashirika ya nchi hiyo yaripoti kila mwezi mnyama aliyekufa, aliyeumia au aliyepotea. Baada ya miaka mitano hesabu ilijumlishwa na kutangazwa: mbwa 122 walikuwa wamekufa, na kati ya wale ambao mbegu yao ilijulikana, karibu nusu walikuwa wa pua fupi, buldogi wakiwa mbele. Leo mashirika mengi hayawapokei mbwa hao katika sehemu ya mizigo, na kanuni zenu zinataka kizimba chao kiongezwe asilimia 10. Kuanzia 2015 sheria hiyo ilipanuliwa, na kila Desemba shirika hutaja pia jumla ya wanyama liliowasafirisha mwaka mzima. Msomaji anaweza kugawanya mwenyewe na kuona uzito wa hatari.

Ripoti hizo hueleza pia chanzo na hatua iliyochukuliwa. Zimefundisha watu. Ukizisoma utaona ni mara ngapi mbwa ameumia kwa kutafuna mlango wa kizimba chake, akivunja meno na kucha katika kutaka kutoka, na utaelewa kwa nini inafaa azoeshwe kulala humo wiki nyingi kabla ya safari. Hilo ni somo alilolilipia mbwa mwingine. Lakini sheria ile inayabana mashirika ya Marekani tu. Kwa sehemu kubwa ya safari za ulimwengu, mbwa akifa, habari yake huishia kwenye barua ya samahani kwa familia moja, na anayefuata hajifunzi kitu.

Mahakama nazo hazitatuokoa. Oktoba 2019 mbwa mmoja alitoroka huko Buenos Aires akipelekwa kupakiwa kwenye ndege ya kwenda Barcelona, na hakupatikana tena. Mwenye mbwa alidai fidia ya yuro 5,000. Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Oktoba 16, 2025 ikatamkwa kwamba, kwa maana ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaoweka wajibu wa mashirika ya ndege kulipa fidia, mnyama huyo anaingia katika mizigo, kwa kuwa mkataba unawataja watu, shehena na mizigo tu, na mbwa si abiria. Mahakama ilikiri kwamba ustawi wa mnyama lazima uzingatiwe anaposafirishwa, ila kwenye fidia ukomo ni uleule wa sanduku la nguo. Tangu Desemba 28, 2024 ukomo huo ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), kwa abiria mmoja na mizigo yake yote. Mkataba unamruhusu abiria kutangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi, na kulipia nyongeza ikihitajika. Ni nani aliyewahi kuambiwa hivyo mezani? Mimi sikuambiwa.

Siwalaumu majaji, walisoma maandishi yaliyo mbele yao. Ila kama sheria inamhesabu mbwa kuwa mzigo, basi shirika likimpoteza halina hofu kubwa ya mfuko wake. Hofu pekee iliyobaki ni ya kujulikana. Kwa hiyo hesabu ya wazi ina kazi ambayo fidia haiwezi kuifanya.

Najua baadhi ya wanachama wako watapinga. Watasema takwimu zitawatisha wateja. Marekani zimechapishwa kwa miaka mingi, na zinaonyesha kwamba vifo ni vichache mno ukilinganisha na wanyama wanaosafirishwa. Habari ya namna hiyo humtuliza mtu. Anayetisha ni yule anayeficha. Watasema pia kwamba baadhi ya mbwa hufa kwa maradhi waliyokuja nayo. Ni kweli, na iandikwe hivyo, kwa ushahidi wa daktari.

Watasema, mwisho, kwamba chama si serikali na hakina nguvu ya kulazimisha. Hapo sikubaliani kabisa. Shirika haliwi mwanachama wenu bila kupita ukaguzi wa usalama wa IOSA. Mwaka 2018 mlianzisha cheti cha CEIV kwa wanaosafirisha wanyama hai, na anayekipata hukitangaza kwa fahari. Masharti mnayoyaweka hufuatwa.

Basi sharti la cheti hicho liwe kuchapisha kila mwaka idadi ya mbwa na paka waliosafirishwa, waliokufa, walioumia na waliopotea, pamoja na chanzo cha kila tukio. Kanuni za Wanyama Hai zitamke kwamba mwenye mnyama aliye katika ndege hiyo anaarifiwa kitini kabla mlango haujafungwa, na asiyekuwemo anatumiwa ujumbe. Na mezani, kabla kizimba hakijapokelewa, aelezwe kwa maandishi ukomo wa fidia na haki yake ya kutangaza thamani.

Toleo jipya la kanuni zenu huanza kutumika kila Januari 1. Naomba mambo haya yajadiliwe kwa ajili ya toleo lijalo, na naomba jibu lako litolewe hadharani kama ilivyo barua hii, ili wenye mbwa wanaojiandaa kusafiri sasa wajue msimamo wa chama chako.

Wako kwa heshima,
Abiria mwenye mbwa