Namba bila kizio si jibu

Mhariri,

Naomba nafasi niyasemee makaratasi ya majibu ambayo wagonjwa hutoka nayo kliniki bila kujua wacheke au walie.

Juzi mzee mmoja hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, aliniwekea mawili mezani, yote ya sukari kabla ya kula. Kliniki ya kwanza iliandika 5.4, ya pili 104. Mzee alikuwa ameshaacha chai ya sukari, muhogo, hata matoke, na mkewe anahangaika kukopa hela za dawa. Kumbe 5.4 ni milimoli kwa lita, na 104 ni miligramu kwa desilita. Gawanya 104 kwa 18, unapata kama 5.8. Tofauti ni ndogo tu! Kisukari huanza kutajwa ikifika 7.0, yaani 126 kwa kizio kile kingine, na hata hapo, kama hakuna dalili, kipimo hurudiwa siku nyingine. Hakuna karatasi iliyotaja kizio.

Sisi wa maabara tunajua mengi ambayo namba tupu haisemi. Damu ikikaa kwenye chupa ya kawaida bila kutenganishwa, seli huendelea kula sukari, takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Kwa hiyo saa ya kutolewa damu ni sehemu ya jibu. Seli zikipasuka wakati wa kuvuta damu, potasiamu iliyomo ndani, madini ambayo yakizidi mwilini huhatarisha moyo, humwagika na kupandisha namba, mgonjwa akatishwa kuhusu moyo wake bure. Kreatinini, taka inayopimwa kujua hali ya figo, nayo hutokana na misuli: bibi aliyekonda aweza kuonekana sawa kwenye karatasi huku figo zimechoka, na kijana mbeba magunia pale Malaba akazidi kidogo bila ubaya wowote. Mwenye selimundu, ugonjwa tulio nao kwa wingi huku mashariki, kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kinachosoma sukari iliyonata kwenye seli nyekundu, kinaweza kumdanganya, kwani seli zake nyekundu hazidumu muda huo.

Halafu kuna zile nyota zinazochapwa pembeni mwa namba iliyotoka nje ya viwango vya kawaida. Kwa kawaida viwango hupangwa kwa namna ambayo mtu 1 kati ya 20 wenye afya huangukia nje. Ukipimwa vitu vingi kwa mkupuo, nyota moja ni jambo la kutarajiwa. Lakini nani humweleza mgonjwa?

Simwondoi daktari, kusoma majibu pamoja na dalili ni kazi yake. Ninachoomba Wizara ya Afya na wanaosajili maabara ni kidogo: kila karatasi ionyeshe kizio, viwango vya maabara ile, saa ya kutoa damu, na kama mtu alikuwa amekula. Kliniki isiyo na printa ichonge muhuri wenye mistari hiyo, ijaze kwa kalamu. Na mgonjwa akiuliza, asiambiwe "hayo ya daktari" na kufungiwa dirisha.

Mtaalamu wa maabara,
Tororo