Kadi za ndege ya wagonjwa ziwekwe chini ya sheria ya asiransi

Bwana Mhariri,

Kazi yetu ni kutayarisha safari za wagonjwa wanaotolewa Lubumbashi kwa ndege. Tunaomba nafasi tuseme jambo kuhusu kadi za uanachama wa ndege ya wagonjwa. Mtu hulipa ada ya mwaka, naye anaahidiwa kwamba akizidiwa, ndege itamfuata na hatadaiwa chochote. Hiyo ni asiransi, hata ikipewa jina gani. Muuzaji anapokea fedha leo kwa ajili ya shida ambayo pengine haitakuja, na siku ikija lazima awe nazo. Hata hivyo, mikataba ya namna hii kwa kawaida hubeba mstari unaosema kwamba hii si asiransi, na muuzaji anajificha nyuma ya mstari huo.

Sheria Na. 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilimaliza ukiritimba wa SONAS, kampuni ya asiransi ya serikali. Leo ARCA, mamlaka ya serikali ya kusimamia asiransi, ndiyo inayotoa vibali na kukagua kampuni za asiransi. Tunaiomba itamke kwa maandishi kwamba kila anayemuuzia mkazi wa Kongo kadi ya aina hii anabanwa na kanuni za asiransi, awe na biro hapa mjini au awe anauza kwa simu kutoka nje.

Marekani walichelewa, na tunaona walikofika. Sheria yao ya mwaka 1978 ya kulegeza udhibiti wa mashirika ya ndege inakataza majimbo kuingilia bei na huduma za mashirika hayo, na ndege za wagonjwa zimehesabiwa humo. Kufikia mwaka 2017 bei ya katikati ya safari moja ilikuwa karibu dola 36,400 kwa helikopta na dola 40,600 kwa ndege ya mabawa. Hofu ya faktura kama hiyo ndiyo iliyouza kadi. Jimbo la North Dakota lilijaribu kuzizuia, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikasema jimbo halina uwezo huo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2022, sheria ya taifa zima inakataza kumtumia mwenye asiransi ya afya faktura ya ghafla ya ndege ya wagonjwa, yaani ya kampuni isiyo na mkataba na asiransi yake. Kwa hiyo mwenye asiransi anayeendelea kulipia kadi huko huenda analipia kinga ambayo sheria imekwisha kumpa. Sisi hatuna sheria kama hiyo. Mwenye kadi hapa ana karatasi yake tu.

Ubaya mkubwa uko kwenye ndege yenyewe. Kadi hulipia ndege ya kampuni iliyoiuza au ya washirika wake. Ikija ya kampuni nyingine, familia inadaiwa yote. Wauzaji wengine hawana ndege kabisa. Ukiwapigia simu, ndipo nao wanaanza kutafuta ya kukodi. Mtu asiyejua ndege ipi itakuja hawezi kujua ina oksijeni kiasi gani. Kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, hadi Johannesburg ni kilomita zipatazo 1,600, karibu saa tatu na nusu kwa ndege ya propela. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika anamaliza lita 2,100 angani peke yake. Ongeza saa moja na nusu ya barabara za pande zote mbili, kisha akiba ya theluthi moja, unafika lita 4,000. Silinda ya lita 10 iliyojazwa kwa shinikizo la baa 150 ina lita 1,500 tu, kwa hiyo zinahitajika tatu. Zikiwa mbili, daktari anayejua kazi yake atakataa kuondoka, na atakuwa na haki.

Halafu mkataba una neno "akiwa anaweza kusafiri". Ni neno la haki kitabibu: hewa iliyonaswa kifuani hupanuka ndege ikipanda, na mgonjwa wa hivyo lazima awekewe mrija kwanza. Lakini mkataba usiposema nani anaamua, kwa muda gani, na kama sababu itaandikwa, muuzaji anaweza kukataa safari asiyotaka kuilipia na kusingizia afya ya mgonjwa. Tunataka jibu litolewe ndani ya saa mbili baada ya ripoti ya daktari kupokelewa. Likiwa la kukataa, liwe na sahihi ya daktari mwenye jina, na familia iruhusiwe kuleta daktari wa pili.

"Hospitali ya karibu inayofaa" nayo inawakwaza watu. Aliyenunua kadi akiwaza Johannesburg anaweza kupelekwa Ndola, Zambia, na mkataba utakuwa umetimizwa. Kadi pia hulipia ndege, hailipii kitanda: hospitali ya nje inataka amana kabla ya kutoa barua ya kumpokea mgonjwa, na bila barua hiyo ndege haiondoki. Kurudisha maiti mara nyingi hakumo.

ARCA pamoja na mamlaka ya usafiri wa anga wadai jina la mwenye ndege na nakala ya mkataba wake na muuzaji. Neno "washirika wetu" halitoshi. Ada zikae katika akaunti ya pekee. Masharti yawe ukurasa mmoja, kwa Kifaransa na Kiswahili, yakitaja nchi, magonjwa yaliyotengwa na siku za kungoja kabla kadi haijaanza kufanya kazi. Kila mwaka muuzaji atangaze maombi aliyopokea, safari alizofanya na alizokataa. Na kuuza kadi ndani ya hospitali, kwa familia ya mtu ambaye tayari amelazwa, kupigwe marufuku kabisa: ugonjwa uliokuwepo kabla ya kununua kwa kawaida haulipiwi, na anayeuza analijua hilo.

Wenye kadi sasa wasingojee. Wampigie muuzaji simu wiki hii, kisha wadai majibu kwa maandishi: ndege ni ya nani, inatoka wapi, je, inaruhusiwa kutua Luano, na nani anashughulikia kibali cha kuingia anga ya Kongo. Nyumbani waweke pamoja pasipoti za mgonjwa na msindikizaji, viza ambazo hazijaisha, cheti cha chanjo ya homa ya manjano cha kila mmoja, na namba ya simu ya zamu ya usiku. Namba hiyo waipige usiku kweli, waone kama kuna mtu anayepokea.

Wauguzi na makarani wa uhamishaji wa wagonjwa,
Lubumbashi