Muuguzi anayeitazama Uingereza aanze na majina

Mhariri,

Wahitimu wa uuguzi wanaotaka kazi Uingereza hukimbilia mtihani wa Kiingereza, IELTS. Wasubiri kidogo. Matokeo ya IELTS hudumu miaka 2 tu, na kinachochelewesha ni karatasi: cheti kinasema "Asha J. Musa", pasipoti "Asha Juma". Sahihisheni majina kwanza, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iwe hai, ndipo mfanye IELTS ya kitaaluma: alama 7 kusoma, kusikiliza na kuzungumza, kuandika 6.5. Kuandika ndiko kunakoangusha wengi, basi andikeni insha kila siku, kwa saa mkononi.

Hufuata mtihani wa kompyuta wenye hesabu za dozi, kisha wa vitendo, wenye vituo 10 vya kupimwa kimoja baada ya kingine, hukohuko Uingereza. Wakala akidai ada ya kukutafutia kazi, mkatae. Kanuni za kule zinamkataza.

Mkufunzi wa uuguzi,
Morogoro