Barua kwa Rehema: cheti chako kinaiva lini?

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Rehema shoga yangu,

Habari za huko Houston na baridi yenu? Sisi hapa tupo, mvua inatunyima jua la kuanikia dagaa, lakini tupo.

Picha ya barua ya benki yako nimeipata. Nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakaniuma, maana haya maandishi madogo wanayaandika makusudi. Unaniuliza kama wanaruhusiwa kukubadilishia masharti cheti chako cha amana, ile pesa uliyoifungia benki kwa muda maalumu ili ipate riba, kikijihuisha, yaani kikianza upya chenyewe. Wanaruhusiwa. Riba mliyokubaliana haiguswi mpaka siku ya kuiva, yaani muda ukiisha, ila siku hiyo ikipita mkataba umekwisha, na unaoanza ni mwingine. Riba mpya, pengine muda mpya, hata adhabu ya kutoa mapema inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Wasichoruhusiwa ni kufanya hivyo kimyakimya.

Nisikufiche, mimi mwenyewe nilinaswa. Mimi! Niliyekaa dirishani benki miaka tisa nikiwaeleza wateja jambo hilihili. Mwaka juzi niliweka milioni 4 kwa miezi 6, nikabishana na meneja mpaka akanipa asilimia 9. Kwenye fomu kulikuwa na kiboksi cha "huisha mtaji pamoja na riba", nikaweka tiki bila kufikiri, kama mtu anayesaini kitabu cha wageni. Siku ya kuiva ikaangukia katikati ya giza. Unakumbuka giza lilivyo: mwezi haupo, mitumbwi yote iko ziwani na taa zake, na magunia ya dagaa kutoka kisiwa cha Goziba yanashuka soko la Mwaloni asubuhi hata pa kukanyaga hakuna. Nani akumbuke benki?

Nilikwenda wiki ya tatu. Binti wa kaunta akanigeuzia kompyuta nijionee: milioni 4 na laki 1 na elfu 62, yaani mtaji na riba yangu baada ya kodi ya zuio, ile benki inayoikata kwenye riba, ya asilimia 10, imefungwa tena miezi 6 kwa asilimia 6. Ile 9 ilikuwa ya maelewano, ya mara moja tu. Cheti kilipojihuisha kikachukua riba ya kawaida ya siku ile. Zaidi ya elfu 60, kabla ya kodi, zikayeyuka hivyo. Nikitaka kuvunja, naacha riba. Nikanyanyua sauti, akatoa fomu. Sahihi ni yangu, na tiki ni yangu. Nikaomba maji ya kunywa.

Sasa turudi kwako, maana huko Marekani sheria imeandikwa kwa hesabu ya siku. Ipo tangu 1991 na kanuni yake inaitwa Regulation DD. Cheti kinachojihuisha chenyewe, kama muda wake unazidi mwezi, benki lazima ikuandikie angalau siku 30 kabla hakijaiva. Au ikupe siku za neema, za kutoa pesa bila adhabu, zisizopungua 5 baada ya kuiva, na barua itumwe angalau siku 20 kabla neema haijaisha. Chako ni cha miezi 13, umevuka mwaka, kwa hiyo wanatakiwa wakupe maelezo yote ya akaunti mpya kama vile ndiyo kwanza unafungua.

Riba hujaiona kwenye barua kwa sababu wanaruhusiwa kusema bado haijapangwa, ilimradi watoe tarehe itakapojulikana na namba ya simu ya kuuliza. Namba ipo, chini kabisa kushoto. Piga.

Kisha tazama aya ya tatu. Miezi 13 ilikuwa ya ofa, na kikijihuisha kinakwenda miezi 12 kwa riba yao ya kawaida. Hapo ndipo wengi wanapoumia, maana barua ni ndefu na jina la akaunti linafanana na la zamani. Umepewa siku 10 za neema. Ndani ya hizo unatoa pesa yako bila adhabu, au unawauliza kama wana ofa nyingine, au unaongeza ile ya mchezo wenu wa wanawake kama wanakubali. Siku ya 11 uko ndani mwaka mzima.

Usisubiri tarehe, wapigie wiki moja kabla, na uulize kama hiyo siku ya kuiva yenyewe inahesabiwa ndani ya zile 10. Watakachokujibu, mwambie akuandikie kwa barua pepe.

Ile yangu niliiacha ikaiva, nikaitoa yote, nikanunua dagaa. Zako kilo 3, wa kukaanga, nimeshawafunga. Mtoto wa dada anapanda ndege mwezi ujao. Nitumie picha ya ukurasa wa pili, huu ulionitumia umekatika pale kwenye adhabu.

Wabeja,
Shoga yako Leticia