Rimu ya aloi haitaki moto wa gesi

Mhariri,

Mafundi wengi wa kando ya barabara hunyoosha rimu ya aloi kama ya chuma: moto wa gesi, kisha nyundo. Hapo ndipo inapoharibika. Rimu nyingi za aina hii ni alumini yenye silikoni kama asilimia 7, na uimara wake hutokana na kupashwa moto kiwandani kwa vipimo: takriban nyuzi 540 za sentigredi, kupozwa ghafla, kisha saa kadhaa kwenye nyuzi 150 hivi. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, hivyo fundi asiye na kipimajoto huvuka kiwango bila kujua. Rimu hutoka mviringo lakini imepoteza uimara wake. Shimo la barabarani linalofuata huibonyeza tena.

Mchubuko wa ukingoni ni kazi ndogo: msasa namba 80 hadi 400, praima, rangi, vanishi. Ukingo uliobonyea kidogo hurudishwa taratibu kwa jeki ya haidroli, tairi likiwa limetolewa, huku geji ikipima mzunguko.

Nyufa ndizo za kuogopwa, nazo hujificha upande wa ndani. Jaza upepo, mwagia maji ya sabuni, tazama povu. Ufa kwenye spoki au karibu na matundu ya nati hauchomelewi. Rimu hiyo ni skrepa, muuzaji wa mtumba aape atakavyo.

Ukishafunga tairi, fanya balansi, na ukaze nati upya baada ya kilomita 50 hivi.

Msomaji,
Dar es Salaam