Kabla Hujanunua Kizimba

Zuhura shoga yangu,

Barua yako nimeipata, na nimecheka peke yangu. Kwa hiyo mumeo ameomba umfungie uume kwenye kizimba cha kufuli, asistarehe bila ruhusa yako, na ufunguo ukae nao wewe. Umekubali, ila hujui pa kuanzia. Vizuri umeuliza kabla ya kulipa. Wengi huvutiwa na cha chuma kinachong'aa kwenye picha, kikifika kinavaliwa siku moja, kisha kinaishia chini ya nguo kabatini.

Kinachoumiza watu ni pete, si kizimba. Pete hukaa nyuma ya vyote, uume na korodani, ikagusana na mwili, na ndiyo inayobeba mzigo mzima. Kizimba ni kibomba tu cha kufunika uume; pini huviunganisha, kufuli hukaa juu. Pete ikiwa ndogo, damu inaingia ila kutoka ni shida. Ikiwa kubwa, korodani moja huchomoka usiku ikanaswa njiani, na maumivu yake usimwombee hata adui.

Basi pima. Chumba kiwe na joto, ametoka kuoga, uume umelala. Zungusha uzi usiovutika nyuma ya korodani na juu ya uume, ulalie ngozi bila kukaza. Unyooshe kwenye futi ya fundi cherehani, halafu gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 141 unakupa pete ya 45. Rudia siku tatu, maana mwili wa asubuhi ya baridi si ule wa jioni. Pete nyingi za dukani ziko kati ya milimita 38 na 51, na vizimba vya plastiki mara nyingi huja na pete kadhaa kwenye boksi moja, ndiyo maana cha kwanza kiwe cha plastiki. Akiivaa, kidole chako kidogo kipite kati ya pete na ngozi.

Urefu wa kizimba upungue kidogo kuliko uume uliolala, milimita 5 hadi 10. Watu hufanya kinyume, wanaacha nafasi eti asibanwe, na humohumo kwenye nafasi ndimo ngozi inamojisugua na mkojo kutuama. Kati ya pete na kizimba pabaki milimita 8 hadi 12. Pakiwa pembamba zaidi, ngozi ya korodani inabanwa kama kidole mlangoni. Chuma cha bei ya kutupa kikwepe. Mara nyingi ni mchovyo juu ya madini mengine, unabanduka, na nikeli inawatoa wengine vipele. Siku mkitaka chuma kweli, tafuteni kile kilichoandikwa 316L, yaani chuma kisichoshika kutu.

Kabla ya kuvaa, nywele apunguze kwa mashine. Wembe hapana: zikiota upya zinachoma, na chini ya pete zinageuka majipu. Apake kilainishi cha maji kwenye pete. Korodani zinapita moja baada ya nyingine, uume mwisho, ukiinamishwa chini. Ukigoma kuingia kizimbani, tumia soksi nyembamba ya kike: ivishe uume, pitisha ncha yake kwenye tundu la mbele, uvute taratibu, kisha uichomoe. Kuvua ni kinyume chake, uume kwanza.

Siku ya kwanza saa mbili zinatosha, tena akiwa nyumbani. Wiki nzima mwende hivyo, mkiongeza kidogokidogo hadi nusu siku. Usiku ndio mtihani. Mwanamume mzima mwenye afya uume wake husimama mara tatu hadi tano akiwa usingizini, hata asiote lolote, na ule wa alfajiri ndio mkali. Kizimba hakiuzuii, kinaubana tu, na pete inavutwa mbele. Mwanzoni ataamka saa tisa au saa kumi. Aende haja ndogo, atembee, apoe. Asipopoa, mfungulie, mlale. Usiku wa kwanza uwe wa kuamkia siku isiyo ya kazi. Akimeza dawa za nguvu za kiume, siku hiyo kizimba kikae kabatini.

Usafi usiufanyie mzaha. Haja ndogo achuchumae au akae, kusimama kutawamwagia choo kizima, kisha ajitawaze kwa maji na kujikausha kwa karatasi. Asubuhi na jioni maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ndani ya matundu apitishe vijiti vya pamba. Unyevu ndio adui: mashine ya kukaushia nywele, kwa upepo wa baridi, inafanya kazi nzuri. Mumeo ametahiriwa, kazi imepungua. Mwenye govi lazima avue kila siku, maana utando unaojikusanya chini yake hauoshwi kwa nje. Hata huyo wako, miezi ya mwanzo avue kila siku ya pili, aoshe, uikague ngozi kwa taa. Alama nyekundu inayofutika ndani ya nusu saa haina neno. Ikibaki, au ngozi ikichubuka, apumzike hadi ipone kabisa. Akivimba nyuma ya kichwa cha uume kama amevaa kola, hayo ni maji yamejikusanya. Avue, asubiri siku mbili tatu.

Ubaridi, ganzi, rangi ya zambarau au maumivu ya korodani yasiyoisha: vua dakika hiyohiyo. Pete ikigoma kutoka, kitambaa chenye barafu dakika kumi, kilainishi kingi, jaribu tena. Ikigoma bado, hospitali. Na uume ukisimama zaidi ya saa nne pia ni hospitali, aibu iachwe nyumbani. Mwenye kisukari kilichomtia ganzi, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aanze kwa daktari.

Ufunguo wa pili utiwe kwenye bahasha uliyoisaini, yeye ajue iliko. Akiifungua utajua, na wala usigombe. Akisafiri bila wewe, tumia lakiri ya plastiki yenye namba badala ya kufuli: kwenye mashine ya uwanja wa ndege hailii, na mkasi unaikata. Vya kufungwa kwa simu mimi sivitaki. Mwaka 2020 kiligundulika kimoja kiitwacho Cellmate, cha kampuni ya Kichina Qiui, kina mwanya ambao mtu yeyote kwenye mtandao angeweza kukifunga kisifunguke tena, na funguo ya mkono hakikuwa nayo. Wahuni wakawadai wenye navyo bitcoin 0.02. Fikiria kukikata kwa grenda mahali pale!

Yaliyobaki ni ya mdomoni. Mkubaliane kabla, mkiwa na nguo zenu mwilini: siku ngapi, nani anahesabu, na neno moja ambalo likitamkwa unafungua bila kuuliza kwa nini. Mkigombana, fungua, kizimba kikigeuka fimbo, ladha yake imekwisha. Na kama kuna anayedhani kitamzuia mume asitoke nje, mwambie ukweli: vingi vya pete mtu akidhamiria anauchomoa uume kwa nyuma. Ni mchezo wa wawili wanaoaminiana, si mlinzi wa getini.

Uliuliza kama kufungwa kunaleta saratani ya tezi dume. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliona kuwa wanaomwaga mara 21 au zaidi kwa mwezi walipata saratani hiyo kidogo kuliko wa mara nne hadi saba. Hiyo haimaanishi kujizuia wiki mbili kunaleta saratani. Mkipanga miezi, hilo lizungumzeni na daktari wenu.

Pima kwa uzi siku hizo tatu, uniandikie namba zote tatu kabla hujaagiza.

Wako,
Mwajuma